Kulisha na kuandaa mafahali wa koo safi kwa ajili ya kuuzwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wafugaji wengi wanaoniuliza kuhusu mafahali huanza na swali la mwisho: nimlishe nini anenepe kabla ya siku ya mauzo? Hapa tunaanza mbali zaidi. Anayenunua fahali wa koo safi hanunui kilo za nyama. Ananunua ndama ambao bado hawajazaliwa, na mdomo wa fahali unaanza kuwatayarisha au kuwaharibu mapema kuliko watu wanavyodhani.

Maandalizi yaanze lini?

Yaanze akiwa bado ananyonya. Kati ya wiki ya 10 na ya 30 hivi, mwili wa ndama dume hupanga kimyakimya ukubwa wa korodani atakazokuwa nazo utu uzima. Ndama aliyeshiba vizuri kipindi hicho hubalehe mapema na korodani zake huwa kubwa zaidi. Aliyekosa maziwa au aliyedhoofishwa na minyoo hubaki nyuma, na hata ukimjazia hori baada ya mwaka mmoja, mwili utajaa lakini korodani hazitafidia pengo lote.

Kwa hiyo chakula cha kwanza cha fahali wa kuuza ni chakula cha mama yake. Ng'ombe akidhoofika na maziwa yakapungua, mpe ndama hori lake dogo pembeni, mahali ambapo mama hawezi kuingiza kichwa. Robo kilo ya chakula cha nyongeza inatosha kuanzia, uongeze anavyokua. Mwachishe akiwa na miezi 6 hadi 8, na usifanye siku hiyo hiyo mambo mengine ya kumsumbua kama kumtia chapa na kumsafirisha.

Kila ndama dume wa koo safi anafaa kuuzwa kama fahali?

Hapana, na hili ndilo linalowakera watu ninapolisema. Cheti cha nasaba hakigeuzi ng'ombe mbaya kuwa mzuri. Ndama mwenye korodani moja iliyobaki tumboni ahasiwe. Mwenye miguu ya nyuma iliyonyooka kama nguzo, kwato zilizopishana au taya la chini lililorudi nyuma, naye ahasiwe. Mkali kupita kiasi ahasiwe haraka zaidi, maana ukali hurithiwa. Mtazame pia mama: kama huzaa kwa taabu, kama hushika mimba kwa kusuasua au chuchu zake ni nene kama chupa, mwanawe atawapelekea mabinti zake shida hizo hizo.

Kwangu mimi, mfugaji anayeuza madume yote aliyozalishiwa hachagui, anasomba tu.

Baada ya kuachishwa maziwa aongezeke kilo ngapi kwa siku?

Kwa koo kubwa za nyama kama Angus, Hereford, Simmental au Charolais, lenga kilo 1 hadi 1.3 kwa siku. Kwa koo ndogo na zile zenye nundu, punguza matarajio. Hata gramu 600 hadi 900 ni ukuaji mzuri. Ukiona mizani inapita kilo 1.5 kwa siku mwezi baada ya mwezi, usishangilie. Hapo unanenepesha.

Chukua mfano wa fahali aliyekuwa na kilo 220 akiwa na siku 205. Akiongezeka kilo 1.1 kwa siku, atakapofika siku ya 365 atakuwa na kilo 396. Vyama vingi vya wafugaji wa koo safi hutumia siku hizo mbili, 205 na 365, kusawazisha uzito ili ndama waliozaliwa tarehe tofauti walinganishwe kwa haki. Andika tarehe ya kuzaliwa siku ile ile. Bila tarehe, uzito wote utakaopima baadaye ni hadithi tu.

Sina mizani. Nifanyeje?

Tumia futikamba. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa kiuno karibu na mkia, yote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha mara urefu, halafu gawa kwa 10,840. Mwenye kifua cha sentimita 160 na urefu wa 130 atatoka kama kilo 307. Ni makadirio, lakini ukipima mwenyewe kila mwezi, asubuhi kabla hajala, mwelekeo utauona.

Chakula chenyewe kiwe nini?

Majani kwanza. Fahali ni mcheuaji, na tumbo lake limejengwa kwa ajili ya nyasi, hei (majani makavu) na saileji (majani yaliyovundikwa). Angalau nusu ya chakula chake iwe majani yenye ubora: yaliyokatwa yakiwa yanakaribia kuchanua, yaliyokauka yakiwa na ukijani, yasiyonuka ukungu. Majani ya mikunde kama lusani yakichanganywa humo yanapunguza gharama ya mashudu.

Fahali anayekua hula chakula kikavu sawa na asilimia 2.5 hivi ya uzito wake. Wa kilo 300 atamaliza kama kilo 7.5 kwa siku, maji yaliyomo kwenye majani yakitolewa. Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu, kwa sababu kilo 10 za majani mabichi zinaweza kubeba kilo 2 tu za chakula kikavu. Protini ya mlo mzima iwe asilimia 12 hadi 14. Aliyetoka kuachishwa apate ile ya juu.

Chakula cha nyongeza kiwe kati ya asilimia 1 na 1.25 ya uzito, yaani kilo 3 hadi 3.75 kwa fahali huyo wa kilo 300. Mchanganyiko ninaoutumia mimi kwa kila kilo 100 ni huu: mahindi yaliyoparazwa kilo 40, pumba za ngano kilo 28, mashudu ya alizeti kilo 25, molasi kilo 3, chokaa ya mifugo kilo 2.5, madini ya unga kilo 1 na chumvi nusu kilo. Protini yake ni karibu asilimia 15. Mahindi unaweza kuyabadilisha kwa shayiri au mtama. Nafaka ziparazwe tu, zisisagwe kuwa unga, maana unga huchacha tumboni haraka mno.

Mgawie mara mbili kwa siku, saa zile zile, na majani yawahi kuingia tumboni kabla ya nafaka. Kila mabadiliko ya chakula yachukue wiki 2 hadi 3. Bakteria wa tumboni wanaomeng'enya majani sio wale wanaomeng'enya wanga, na hawabadilishani zamu kwa usiku mmoja.

Kwa nini nisimpe nafaka kwa wingi apendeze haraka?

Kwa sababu utauza fahali aliyeharibika ndani huku nje anang'aa.

Nafaka nyingi hutengeneza asidi nyingi tumboni. Ukuta wa tumbo huchubuka, bakteria hupenya hadi kwenye ini na kuotesha majipu. Damu inayolisha kwato huvurugika, kwato zinaota upesi, zinajikunja, na fahali anaanza kutembea kama anakanyaga makaa. Fahali anayeumwa miguu hapandi, hata angekuwa na mbegu bora namna gani.

Kisha kuna mafuta. Korodani zinatakiwa kuwa na joto la chini kuliko mwili kwa nyuzi 2 hadi 6 hivi, ndiyo maana zimening'inizwa nje. Damu inayoshuka kwenda huko hupoozwa kwenye shingo ya mfuko wa korodani. Fahali akinenepa, mafuta hujaa kwenye shingo hiyo, joto linakosa pa kutokea, na mbegu zinaungua zikiwa bado zinatengenezwa. Kutengeneza mbegu moja huchukua siku 61 hivi, na zinahitaji wiki moja au zaidi kukomaa kabla ya kutoka. Maana yake, kosa la leo utaliona baada ya wiki kadhaa hadi miezi miwili, pengine fahali akiwa ameshafika kwa mnunuzi.

Nilishawahi kuuza fahali wa namna hiyo. Mgongo wake ulikuwa bapa kama meza na kila aliyempapasa alitabasamu. Baada ya miezi mitatu mnunuzi akanipigia simu: fahali amekonda hadi mbavu zinahesabika, na ng'ombe wake karibu wote wamerudia joto, yaani wanataka dume tena kwa kuwa hawakushika mimba. Nilimpelekea fahali mwingine na kumrudisha wangu kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo kiasi cha nafaka hapa kwangu hupimwa kwa mizani, hakikadiriwi kwa koleo.

Lakini wanunuzi wenyewe wanataka mnene. Nitauzaje mwembamba?

Hujaambiwa umuuze mwembamba. Kwenye kipimo cha unene cha 1 hadi 9, fahali wa kuuza awe 6: mbavu huzioni ila ukimgusa kwa kiganja unazihisi, na shina la mkia halina mabonge ya mafuta. Akifika 7 amevuka mpaka. Chini ya 5 ataingia kazini bila akiba, na fahali anaweza kupoteza kilo nyingi katika msimu wa kupandisha kwa sababu hukumbuka ng'ombe na kusahau chakula.

Mnunuzi anayetaka mafuta mwonyeshe namba. Uzito wa kuzaliwa, wa siku 205, wa mwaka, mzingo wa korodani. Wengine watakwenda kwa jirani anayeuza mapipa, waache waende.

Mashudu ya pamba yanafaa?

Kwa fahali anayekua, mimi siyawekei hata kilo moja. Pamba ina sumu iitwayo gosipoli ambayo huharibu utengenezaji wa mbegu za kiume, na mafahali wachanga ndio huathirika zaidi. Maksai wa kunenepeshwa wapewe, hao hawana cha kupoteza. Kwa mafahali tumia alizeti au soya.

Madini na maji je?

Pumba na nafaka zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Uwiano usiporekebishwa, mawe madogo hujijenga kwenye njia ya mkojo. Dume akisimama akijikamua bila kukojoa huku akipiga teke tumbo lake, mwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Lenga kalsiamu iwe karibu maradufu ya fosforasi. Ndiyo kazi ya ile chokaa kwenye mchanganyiko. Chumvi nayo humfanya anywe zaidi na kusafisha kibofu.

Zinki, shaba na seleniamu zinahusika moja kwa moja na uzazi, na zinki pia huimarisha kwato. Ila seleniamu na shaba zikizidi ni sumu, kwa hiyo usichanganye bidhaa mbili za madini kwa kudhani mbili ni bora kuliko moja. Hei iliyokaa juani hadi ikawa nyeupe imeshapoteza vitamini A. Kama huna majani mabichi kwa miezi kadhaa, mwulize daktari juu ya sindano au nyongeza.

Maji yawepo muda wote. Fahali mkubwa wakati wa joto anaweza kunywa lita 60 na zaidi. Maji yakiwa machafu kiasi kwamba wewe usingenawia uso, naye atakunywa kidogo, na akinywa kidogo atakula kidogo.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, sivyo?

Methali ni ya watu, si ya ng'ombe. Waliokua pamoja tangu kuachishwa hukaa zizi moja hadi siku ya kuuzwa, tena huwa watulivu kuliko aliyefungiwa peke yake. Kinachovunja miguu ni kumwingiza mgeni kati yao, au kumrudisha aliyeondoka wiki mbili, kwani wenzake wamekwishamsahau. Wapewe nafasi kubwa ya kutembea, hori liwe upande mmoja na maji upande wa mbali, ili wafanye mazoezi bila kulazimishwa. Fahali aliyekaa kwenye kibanda chembamba ana misuli ya mapambo tu.

Uwaweke pia mbali na mitamba. Wakikaa mahali upepo unapowaletea harufu ya ng'ombe aliye kwenye joto, wataparamiana wenyewe hadi mmoja avunjike uume. Si utani, hutokea.

Kipimo cha uzazi kina ulazima?

Kuuza fahali bila kipimo ni sawa na kuuza gari ambalo hujawahi kuliwasha. Daktari hukagua macho, meno, miguu, uume na govi, hupima mzingo wa korodani, kisha hukusanya mbegu na kuzitazama kwa hadubini. Viwango vinavyotumika sana vinataka angalau asilimia 30 ya mbegu ziwe zinakwenda mbele, na asilimia 70 ziwe na umbo la kawaida. Mzingo wa korodani uwe sentimita 30 kwa fahali wa hadi miezi 15, ukipanda kidogo kidogo hadi 34 kwa aliyepita miaka 2. Mafahali wa koo zenye nundu hukomaa wakiwa wamechelewa, kwa hiyo wa miezi 13 akishindwa usimhukumu papo hapo.

Pima mwezi mmoja au miwili kabla ya mauzo. Aliyeshindwa arudiwe baada ya siku 60 hadi 70, kizazi kipya cha mbegu kikiwa kimeshatoka. Kumbuka kwamba kipimo hiki hakisemi kama ana hamu ya kupanda. Hilo utaliona kwa macho.

Nimfundishe kamba lini?

Mara tu baada ya kuachishwa, akiwa bado na uzito ambao watu wawili wanaumudu. Mfunge kwa kamba ya kichwani kwa saa chache kila siku, kamba fupi, kimo cha mabega yake, mbele ya kitu asichoweza kukivuta. Siku za kwanza atavuta, atalala, atakutazama kwa chuki. Mwache agundue mwenyewe kuwa akilegea, kamba nayo inalegea. Baada ya hapo mpige brashi, na kumwongoza kwenda kwenye maji na si kumrudisha kutoka kwenye maji. Mwenye kiu hufuata vizuri. Pete ya pua hutiwa akiwa na miezi 10 hadi 12, na kidonda kipone kabla ya kushikwa.

Ila upole usikulaze usingizi. Fahali aliyelelewa mkononi kwa chupa, aliyezoea kuchezewa kichwani na watoto, ndiye hatari kuliko wote, maana hana woga na mtu. Usimpe mgongo. Usiingie zizini peke yako bila njia ya kutokea. Akigeuza ubavu, akainamisha kichwa na kuchimba vumbi, ameshakuambia neno lake.

Kwato, manyoya na kuogesha?

Kwato zikatwe wiki 6 hadi 8 kabla, ili akichechemea apate muda wa kupona. Kuogesha na kupiga brashi hufanywa mara kwa mara katika mwezi wa mwisho. Nyoa kichwa na shingo kidogo, safisha mkia. Zaidi ya hapo ni urembo wa mashindano, na mnunuzi mwenye akili atamtazama akitembea.

Chanjo na dawa nizipange vipi?

Chanjo na dawa za minyoo zimalizike angalau miezi miwili kabla. Homa yoyote, iwe ya ugonjwa au ya chanjo, huweza kushusha ubora wa mbegu kwa wiki kadhaa. Zingatia muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa ya dawa, kwa sababu si kila fahali anayeingia mnadani hutoka kwenda zizini. Wengine huishia machinjioni. Damu ipimwe brusela, na kifua kikuu kipimwe kwa sindano ya ngozi. Kwa fahali aliyekwisha kupanda, ongeza magonjwa ya zinaa, trikomona na kampilobakta, ambayo hayamwonyeshi dalili yoyote lakini huharibu mimba za kundi zima.

Vipandikizi vya homoni za kukuzia ni marufuku kwa fahali wa mbegu. Hakuna kiasi kidogo kinachofaa.

Ni karatasi zipi mnunuzi atadai?

Cheti cha nasaba kutoka chama cha koo husika, namba ya hereni au chapa inayolingana na cheti, hati ya kipimo cha uzazi, majibu ya maabara, na rekodi za uzito. Desturi ya kuweka daftari la koo ni ya zamani. La kwanza kuchapishwa kwa ng'ombe ni lile la Shorthorn alilotoa George Coates huko Uingereza mwaka 1822. Tangu wakati huo kosa la kawaida limebaki lile lile: namba ya sikioni haifanani na ya kwenye karatasi. Kagua wiki mbili kabla, si asubuhi ya mauzo.

Wiki ya mauzo nimlishe tofauti?

Usibadilishe kitu, isipokuwa kupunguza nafaka siku ya safari na kumpa hei kavu ya kutosha. Tumbo lililojaa hei husafiri vizuri na mavi hayatachafua mkia wake. Kama maji ya huko yana ladha tofauti, zoesha mapema kwa kutia molasi kidogo kwenye maji ya nyumbani, kisha fanya vivyo hivyo mkifika. Atapungua kilo kadhaa njiani. Usijaribu kuzirudisha kwa debe la mahindi usiku ule.

Mnunuzi akishamchukua, kazi yangu imeisha?

Hapo ndipo mafahali wengi huharibikiwa. Aliyekuwa akila kilo 4 za nyongeza akitupwa ghafla malishoni na ng'ombe 40 atayeyuka. Nafaka ipunguzwe pole pole kwa wiki 6 hadi 8, na ni vyema auzwe mapema ili muda huo upatikane kabla ya msimu wa kupandisha. Atengwe siku 30 kabla ya kuchanganywa na kundi. Msimu wa kwanza apewe ng'ombe wasiozidi idadi ya miezi yake: mwenye miezi 18 apewe 18.

Mimi humkabidhi mnunuzi magunia mawili ya chakula kile kile alichokizoea fahali, pamoja na karatasi inayoonyesha apunguziwe kiasi gani kila wiki. Namba yangu ya simu nimeiandika chini ya karatasi hiyo. Wengi hupiga wiki ya pili, gunia la kwanza likiwa limekwisha mapema kuliko ilivyopangwa, na huwa najua ni kwa nini.